Kombe la wawili si kombe la pili

*Kutoka Algiers 1978 hadi Wimbledon 2022, wasichana wa Afrika Mashariki wamepanda jukwaa la tenisi wakicheza wawili kwa wawili. Kigali ina viwanja na ina uzoefu wa kuandaa mashindano. Kilichobaki ni uamuzi.*

Ubao wa matokeo ulionyesha 9-9. Ilikuwa Julai 2022, Wimbledon, fainali ya wasichana chipukizi wa wawili kwa wawili. Upande mmoja wa wavu walikuwa Angella Okutoyi wa Kenya na Rose Marie Nijkamp wa Uholanzi. Upande wa pili Wakanada Kayla Cross na Victoria Mboko. Okutoyi na mwenzake walikuwa wamepoteza seti ya kwanza 3-6, wakajibu kwa 6-4, na sasa seti ya tatu, ambayo kwa chipukizi hufupishwa kuwa kinyang'anyiro cha pointi 10, ilikuwa imefika mahali ambapo kosa moja lingeweza kuamua mshindi. Pointi mbili zilizofuata zilikwenda kwao. Ikawa 11-9, na kwa mara ya kwanza Mkenya akawa ametwaa taji la Grand Slam la vijana.

Kuna jambo jingine katika fainali ile ambalo halikusemwa sana. Wazazi wa Mboko ni Wakongo waliohama Kinshasa kabla yeye hajazaliwa. Kati ya wasichana wanne waliokuwa kwenye nyasi siku hiyo, mmoja alilelewa Nairobi na mwingine ni binti wa nchi tunayopakana nayo sisi Wanyarwanda. Mechi yao haikuwa ya mmoja kwa mmoja, ile ambayo dunia nzima huitazama. Ilikuwa ile nyingine, ambayo watazamaji wengi huiacha wakaenda kunywa chai.

Mwishoni mwa Februari 2024, Kigali ilifungua viwanja vya udongo vya Ecology Tennis Club, ndani ya chuo cha ufundi cha IPRC Kigali wilayani Kicukiro, kwa wiki mbili mfululizo za mashindano ya Challenger, daraja lililo chini kidogo ya mashindano makuu ya wanaume duniani. Mwaka 2025 mashindano hayo yalirudi yakiwa yamepandishwa daraja. Ni mafanikio makubwa kwa nchi ambayo tenisi yake ilikuwa ya watu wachache wa klabu. Lakini Challenger ni mashindano ya ATP, chama cha wachezaji wanaume, na katika wiki hizo binti wa Kigali anayeingia uwanjani anaona tenisi safi bila kumwona mwanamke hata mmoja akishika raketi kugombea kombe.

Tunaweza kulijibu pengo hilo kwa namna nyingi, na wengi wangesema dawa ni kumtafuta msichana mmoja mwenye kipaji na kumwaga fedha juu yake. Hoja ya makala haya ni tofauti. Historia ya mchezo huu, hapa kwetu na mbali, inaonyesha kuwa walioanzia nyuma wamefika mbele kwa kucheza wawili kwa wawili. Nchi inayotaka kuwa na mabingwa wanawake, kama fedha yake si nyingi, inapaswa kuanzia hapo.

Waliofungiwa nje

Tuanze na mwaka 1956, kwa sababu ndio mfano ulio wazi kuliko yote. Althea Gibson alizaliwa South Carolina mwaka 1927 akakulia Harlem, New York, wakati mashindano ya taifa ya Marekani yalikuwa ya Wazungu peke yao. Ilibidi Alice Marble, bingwa mstaafu wa kizungu, aandike katika jarida la tenisi Julai 1950 akiwakemea wakuu wa mchezo, ndipo Gibson akaruhusiwa kucheza mashindano hayo, Forest Hills, mwaka huohuo. Angela Buxton alizaliwa Liverpool mwaka 1934 katika familia ya Kiyahudi. Klabu ya Cumberland ya London, alikokuwa akifanya mazoezi, ilimnyima uanachama kwa sababu ya Uyahudi wake. Mmoja Mweusi, mwingine Myahudi, na wote wawili walikuwa wachezaji wazuri ambao wenzao hawakuwa na haja ya kuwaalika mezani.

Katika tenisi ya wawili kwa wawili huwezi kuingia peke yako. Lazima mtu akubali kusimama upande wako. Wachezaji wengi walikuwa na wenzao wa siku zote. Gibson na Buxton hawakuwa na mtu, basi wakachukuana. Mwaka huo wa 1956 walishinda ubingwa wa Ufaransa pamoja, na Gibson akashinda pia wa mmoja kwa mmoja, akiwa Mweusi wa kwanza kutwaa taji la Grand Slam. Wiki chache baadaye, Wimbledon, wakawafunga Fay Muller na Daphne Seeney wa Australia 6-1, 8-6. Buxton mwenyewe alifika fainali ya mmoja kwa mmoja mwaka huo akashindwa na Shirley Fry.

Angalieni mpangilio wa matukio. Kombe la kwanza la Wimbledon la Gibson lilikuwa la wawili kwa wawili, 1956. La mmoja kwa mmoja lilifuata 1957, akalirudia 1958. Atakayesema kwamba Gibson alikuwa mkubwa kiasi kwamba angeshinda tu, awe na mwenza au asiwe naye, anasahau kuwa ukubwa huo ulikuwapo tangu 1950, na kwa miaka sita haukumpa taji hata moja la Grand Slam. Sidai kwamba kucheza na Buxton peke yake ndiko kulikomfungulia. Alikuwa pia amerekebisha mchezo wake na kusafiri ng'ambo kwa miezi. Ninachosema ni kwamba mtu aliyekuwa peke yake katika vyumba vya kubadilishia nguo alipopata mwenza, alipata nafasi zaidi za kucheza kwenye viwanja vikubwa na kuzoea presha yake, pamoja na mtu wa kuzungumza naye baada ya mechi. Mwisho wa safari Gibson alikuwa na mataji 11 ya Grand Slam: matano ya mmoja kwa mmoja, matano ya wanawake wawili kwa wawili na moja la mchanganyiko.

Buxton hakubahatika hivyo. Jeraha la mkono lilimwondoa kwenye mashindano mwaka 1957, angali na miaka 20 na ushei. Wakati ule tenisi kubwa ilikuwa ya ridhaa. Hakukuwa na zawadi ya fedha, na milango ya kulipwa ilifunguliwa 1968. Ndiyo maana miaka ya 1990 Gibson, bingwa wa dunia, alikuwa mgonjwa na hana kitu. Alimpigia simu Buxton, na Buxton akawaomba msaada watu wa tenisi kila pembe ya dunia mpaka fedha za matibabu na kodi ya nyumba zikapatikana. Gibson alifariki 2003, Buxton 2020.

> Mtu aliyekuwa peke yake alipopata mwenza, alipata nafasi zaidi za kucheza kwenye viwanja vikubwa.

Katika miaka hiyo ya 1950, nani angeweza kuwa bingwa kutoka huku? Nchini Kenya klabu za tenisi zilitengwa kwa rangi. Ruanda-Urundi ilitawaliwa na Wabelgiji kutoka Usumbura, Bujumbura ya leo, na Kigali ilikuwa mji mdogo wa kiutawala. Viwanja vilivyokuwapo vilikuwa vya maofisa na wake zao. Kipaji hakikukosekana, kilichokosekana ni ruhusa ya kuvuka geti. Kwa hiyo bingwa wetu wa zama za Gibson hayupo, na waliomkaribia walikuja miaka 22 baadaye.

Algiers, halafu kimya

Mwaka 1978, katika Michezo ya Afrika iliyofanyika Algiers, Wakenya Jane Davies na Susan Wakhungu walishinda dhahabu ya tenisi ya wanawake wawili kwa wawili. Baada yao Kenya ilisubiri miaka 46 kuiona dhahabu nyingine ya tenisi katika michezo hiyo. Ilipatikana Accra, Machi 2024, na aliyeileta ni Angella Okutoyi, safari hii katika mmoja kwa mmoja.

Wanaume nao wametuachia ushahidi. Paul Wekesa, Mkenya aliyefika nafasi ya 100 duniani, alishinda mataji matatu ya ngazi ya ATP, na yote yalikuwa ya wawili kwa wawili. Kwa wanawake, ukienda kusini kidogo unamkuta Cara Black wa Zimbabwe, aliyejifunza kwenye viwanja vya nyasi vya nyumbani kwao. Katika mmoja kwa mmoja hakuwahi kupita nafasi ya 31. Katika wawili kwa wawili alikuwa namba moja duniani, na alistaafu na mataji 10 ya Grand Slam, matano ya wanawake na matano ya mchanganyiko. Mtu akipima kazi yake kwa jedwali la mmoja kwa mmoja tu, atasema alikuwa mchezaji wa kawaida. Angekuwa amekosea vibaya.

Maisha ya Okutoyi yanaeleza vizuri kwa nini njia hii inatufaa. Alizaliwa 2004 akiwa pacha. Mama yao alifariki wakati wa kuwazaa, na walilelewa na bibi yao, aliyekuwa mfanyakazi wa usafi katika Shule ya Msingi Loresho, Nairobi. Hapakuwa na baba tajiri wala uwanja nyuma ya nyumba. Alipanda kwa ngazi za shirikisho: mashindano ya vijana ya kanda, kituo cha mafunzo cha Shirikisho la Kimataifa la Tenisi (ITF) nchini Morocco, ubingwa wa Afrika wa vijana 2021. Januari 2022, Melbourne, alikuwa msichana wa kwanza wa Kenya kushinda mechi katika Grand Slam ya vijana, akafika raundi ya tatu. Miezi sita baadaye likaja lile kombe. Mwaka 2023 alijiunga na Chuo Kikuu cha Auburn, Alabama.

Uwanja mmoja, wasichana wanne

Asiyeufahamu mchezo huu hudhani wawili kwa wawili ni mmoja kwa mmoja uliogawanywa nusu. Tazama pointi moja tu kwa makini. Mwenza wa anayeanzisha mpira husimama karibu na wavu, ameinama, na nyuma ya mgongo wake mkono mmoja unatoa ishara ambayo wapinzani hawaioni: ngumi au kiganja, nabaki au navuka. Anayeanzisha anaisoma ishara, anachagua pembe, anapiga. Sekunde moja baadaye aliye mbele amekwishakatiza mpira hewani au amebaki kulinda njia ya pembeni. Kama mmoja amesahau walichoahidiana, nusu ya uwanja iko wazi. Ustadi wake ni mikono mepesi, macho ya haraka na mawasiliano. Nguvu na urefu, ambavyo kwa mmoja kwa mmoja ndivyo hutafutwa kwanza, hapa havitangulii.

Kwa Kigali ustadi huo una faida ya ziada. Mji uko takriban mita 1,500 juu ya usawa wa bahari, na hewa nyepesi huufanya mpira uruke zaidi na kufika haraka. Mchezaji aliyezoea kuusubiri nyuma ya mstari hupata tabu. Aliyezoea kwenda wavuni kuukata mapema huvuna. Hali ya hewa yetu yenyewe inafundisha mchezo wa wavuni, mradi tu waalimu waukubali.

Halafu kuna hesabu ya kawaida kabisa. Viwanja ni vichache, mipira inaagizwa nje na hupoteza uhai wake upesi, na saa za mwalimu zinalipiwa. Uwanja uleule na kopo lilelile la mipira vinavyohudumia wasichana wawili vinahudumia wanne. Anayepanga bajeti ya mchezo katika nchi isiyo tajiri hawezi kuipuuza hesabu hiyo.

Tena timu ya taifa inauhitaji mchezo wa wawili kwa wawili. Katika makundi ya kanda ya Kombe la Billie Jean King, ambalo ndilo kombe la dunia la timu za wanawake, pambano la nchi mbili lina mechi tatu: mbili za mmoja kwa mmoja na moja ya wawili kwa wawili. Zikigawana zile mbili, nchi inapanda au inabaki kwa mechi ya wawili. Taifa dogo lenye wasichana wawili waliocheza pamoja tangu wana miaka 12 linaweza kulifunga taifa lenye nyota mmoja na mwenza aliyeokotwa wiki iliyopita.

> Taifa dogo lenye wasichana wawili waliocheza pamoja tangu utotoni linaweza kulifunga taifa lenye nyota mmoja.

Fedha iko kwa mmoja

Pingamizi la kwanza ni zito. Fedha na heshima ziko katika mmoja kwa mmoja. Wimbledon ya 2022 ilimlipa bingwa wa mmoja kwa mmoja pauni milioni 2. Mabingwa wa wawili kwa wawili walipata pauni 540,000 za kugawana. Hata Okutoyi amelionja hilo. Dhahabu ya Accra ingemfikisha Olimpiki ya Paris iwapo tu angekuwa ndani ya 400 bora za mmoja kwa mmoja, na hakuwa. Kwa hiyo, wanasema, kumfundisha binti wawili kwa wawili ni kumwandalia maisha ya chini.

Pingamizi hilo linachanganya mwisho wa safari na mwanzo wake. Pauni milioni 2 si chaguo lililo mbele ya msichana wa Nyamirambo, Kigali, mwenye miaka 13. Chaguo lake ni kuendelea kucheza au kuacha. Linalomfanya aendelee ni masomo na safari za mashindano, na hapo wawili kwa wawili una thamani kubwa kuliko inavyodhaniwa. Chukua vyuo vikuu vya Marekani, ambako vijana wengi wa Afrika hupata elimu kwa raketi. Katika daraja la juu, pambano la vyuo huanza na mechi tatu za wawili kwa wawili zinazogombea pointi moja, ndipo zifuate sita za mmoja kwa mmoja. Pambano la pointi saba mara nyingi huamuliwa na hiyo ya kwanza. Kocha wa chuo anayetafuta mchezaji anamtaka ajuaye kucheza na mwenzake, na timu ya wanawake ya daraja la juu kwa miaka mingi iliruhusiwa kutoa ufadhili kamili kwa wachezaji wanane. Ndivyo shahada inavyopatikana, na shahada haipotei goti likiumia.

Pingamizi la pili linasema kombe la vijana si kitu, kwamba wengi waliolibeba hawakusikika tena. Ni kweli. Lakini turudi kwa waliokuwa uwanjani 2022. Victoria Mboko, aliyeshindwa fainali ile, Agosti 2025 alishinda mashindano makubwa ya Montreal katika mmoja kwa mmoja akiwa na miaka 18, akiwaondoa mabingwa wanne wa zamani wa Grand Slam, wa mwisho akiwa Naomi Osaka. Okutoyi akaleta dhahabu ya Accra. Kwa wote wawili mchezo wa wawili haukuzuia ule mwingine kukua. Tofauti ya kasi kati yao inaelezwa zaidi na mazingira: Canada ina viwanja vya ndani, makocha na mashindano mfululizo, na mcheza tenisi wa Nairobi au Kigali hulazimika kupanda ndege kutafuta pointi.

La tatu husemwa kwa sauti ya chini: tenisi ni ya matajiri, nchi zetu zina mahitaji mengine. Hili lina haki ya kujibiwa bila kejeli. Rwanda imekwishaamua kuwa michezo ni sehemu ya uchumi na sura yake. Septemba 2025 Kigali ilipokea ubingwa wa dunia wa mbio za baiskeli za barabarani, mara ya kwanza barani Afrika, na ni katika barabara zetu ambapo wanawake wa chini ya miaka 23 walipata mbio zao wenyewe za ubingwa kwa mara ya kwanza. Kabla ya hapo walikuwa wakipangiwa medali ndani ya mbio za wakubwa. Mji uliofanya hivyo kwa baiskeli hauwezi kusema kwa tenisi kwamba wanawake wasubiri. Fedha ya kujenga viwanja na kuleta waamuzi tayari inatumika. Swali ni nani anafaidi.

Kinachowezekana

Ngazi ya chini ya tenisi ya kulipwa ya wanawake husimamiwa na ITF. Daraja lake la kwanza, W15, lina zawadi ya jumla ya dola 15,000, kiasi kidogo kikilinganishwa na gharama ya wiki moja ya Challenger. Nairobi imekwishaandaa mashindano ya kulipwa ya wanawake ya ITF. Wiki mbili za W15 zikipangwa mara baada ya Challenger, viwanja vikiwa vimekwishatengenezwa na waamuzi wakiwa bado mjini, Kigali ingekuwa na mwezi wa tenisi ambao msichana anauona mchezo wake. Mwandaaji hupewa nafasi chache za mwaliko, na katika orodha ya wawili kwa wawili mwaliko mmoja huingiza wachezaji wawili. Wasichana wa Rwanda wangeweza kupangwa na wa Burundi, Uganda au Tanzania, jambo ambalo lingejenga ushirika wa kanda.

Kabla ya hapo kuna kazi isiyohitaji kibali cha London wala Paris. Mashindano ya shule na ya klabu yatangaze kombe la wasichana wawili kwa wawili kwa uzito uleule wa mmoja kwa mmoja: fainali saa ileile ya alasiri yenye watazamaji, zawadi ileile, majina ya washindi ubaoni. Waalimu wawaunganishe wasichana mapema na wawaache pamoja kwa misimu, wasiwabadilishe kila wiki. Mashindano ya kumbukumbu ya wahanga wa mauaji ya kimbari dhidi ya Watutsi, ambayo huwakutanisha wachezaji wa kanda hapa Kigali, yangekuwa mahali pa heshima pa kuanzia.

Kituo cha ITF cha Afrika Mashariki kilikuwa Bujumbura kabla ya machafuko ya 2015 kukihamishia Nairobi, na Burundi bado inajivunia Sada Nahimana, aliyezaliwa 2001 na kucheza Grand Slam za vijana. Mji wenye lami nzuri, usalama na uwanja wa ndege ulio dakika chache kutoka viwanja vya Ecology una kila sababu ya kuchukua nafasi katika ramani hiyo. Shirikisho la Tenisi la Rwanda na Wizara ya Michezo waweke wiki ya wanawake katika kalenda ijayo, na wazazi wenye mabinti wanaopenda mchezo huu wawapeleke uwanjani wakiwa wawili.